Bibi Yangu wa Kwanza Ana Miaka Sabini na Sita

Kwa wale waliofungia mandazi gazeti la wiki jana kabla ya kulisoma, mambo yalikuwa hivi. Mto Mulongwe ulitubebea nyumba, kitanda, mbuzi wawili na diploma yangu. Mimi na koko wangu, Consolate Ninahazwe, mama mzazi wa marehemu baba, tukahamia kwenye chumba kimoja chenye bati linalovuja. Shangazi yangu Geneviève, aliyekimbia vita akapitia kambini Tanzania hadi akatua Kanada, akatufungulia dosié, faili la kuhamia kule, ili tumfuate. Niliwaacha tukiwa mlangoni pa chumba cha mahojiano, tumevaa nguo za misa, jina letu limeitwa.

Bado tuko mlangoni. Tuingie.

Lakini kwanza mjue kwamba leo naungama. Padri nimekwisha mwambia, akacheka mpaka akasahau kunipa malipizi. Labda ninyi mtakuwa wakali zaidi.

Ndani kulikuwa na meza, viti viwili na kompyuta. Juu kwenye kioo chake, mzungu mmoja mwanamke mwenye miwani. Chini yake, mkalimani, mama wa Mombasa, Kiswahili chake kimepigwa pasi kila neno.

Akanisalimu. Akaniuliza jina, nikasema Bonaventure Niyongabo. Kisha akauliza swali lililoniharibia maisha.

"Huyu aliyekaa kando yako ni bibi yako?"

Niliruka kitini.

"Yesu Maria! Haina bibi yangu! Minye bado kuowa."

"Si bibi yako?"

"Hata kidogo! Angalia miaka yake, mama. Minye nitaoa muntu kama huyu?"

"Basi ni nani yako?"

"Ni koko yangu."

"Koko?"

"Koko."

Nikamsikia akinong'ona lile neno peke yake, kama anatafuta ulipo mlango. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba kwao koko ni mbwa asiye na mwenyewe. Na baadaye zaidi, maji yakiwa yamekwisha mwagika, nikajua kwamba kwao bibi ni mama wa baba. Kwetu Uvira bibi ni mke. Mama wa baba ni koko, na hakuna mtoto wa Mulongwe asiyejua hivyo.

Mzungu akaandika: yule mzee si nyanya yake, kijana amekana mara mbili.

Koko alikuwa amechoka kunyamaza. Kunyamaza ni kazi ambayo Mungu hakumpa.

"Bwana yangu," akaniambia, "ule mwanamuke anasema nini?"

Mkalimani akainua kichwa.

"Mama, huyu ni bwana yako?"

Hapa nieleze kwa wasomaji wa mbali. Kwetu Warundi wa bonde la Ruzizi, na nadhani kwa majirani pia, koko humwita mjukuu wa kiume bwana yake. Ni mzaha wa tangu zamani. Koko Consolate alinioa siku niliyozaliwa, mbele ya mashahidi, na mahari yangu ilikuwa kumkojolea kitenge.

"Eeh!" koko akajibu, meno yake manne yote yakionekana. "Njo bwana yangu. Minye mwenyewe nilimuchagua." Njo kwetu ni ndiye.

"Tangu lini?"

"Tangu azaliwe."

Mkalimani akakohoa. "Mnakaa nyumba moja?"

"Nyumba moja, chumba moja. Ingine ilibebwa na maji."

"Na anakutunza?"

"Ananioshaka miguu. Ananikunaka mugongo. Ananipikia bugali. Weye kule kwenu, uko na bwana kama huyu?"



"Hapana, mama," akasema mkalimani kwa sauti ndogo. "Sina."

Nikacheka. Niseme kweli, nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Nilidhani sote tunacheka mzaha mmoja.

Miezi miwili ikapita. Siku moja, mchana, simu yangu ikalia. Simu hii iliwahi kuanguka ziwani, na tangu siku hiyo haisikiki sikioni. Inasema kwa sauti ya nje tu, na kwa nguvu. Siri zangu zote zinajulikana na kiwanja kizima.

"Bonaventure!" shangazi Geneviève alipiga kelele toka Kanada. "Ulioa mama yangu?"

Mama Ernestine, jirani yetu, akaacha kutwanga sombe, yale majani ya muhogo.

"Shangazi, jambo. Habari ya kule?"

"Usiniite shangazi! Kama uko bwana ya mama yangu, uko baba yangu. Nikuite papa?"

"Shangazi, weye umekunywa?"

"Barua iko mbele yangu! Wanaandika: Consolate Ninahazwe na bwana yake, Bonaventure Niyongabo. Mumekubaliwa wote mbili!"

Mama Ernestine akaweka mchi chini kabisa, akavuta kigoda karibu.

Nikakumbuka yale maswali, moja baada ya jingine. Jasho likanitoka hata kwenye magoti.

"Basi tuwaambie walikosea," nikasema. "Minye ni mujukuu."

 Sauti ya shangazi ikageuka, ikawa ya mtu mwingine.

"Niliuliza. Kama uko mujukuu, unakataliwa, ulipita miaka ya mutoto wa kutunzwa. Na mama wanamuanzishia dosié mupya. Hii ya kwanza ilichukua miaka tano, Bonaventure. Na atapanda ndege na nani, minye siko pale?"

Nilimtazama koko. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, anachambua mchele, anajifanya hasikii. Alikwisha apa mbele ya kiwanja kizima: bila bwana yake haendi popote, hata mbinguni atanisubiri mlangoni.

"Wanataka acte de mariage, ile cheti ya ndoa," akaendelea shangazi. "Na watapiga simu siku yoyote kuhakikisha. Mukikosa kujibu, dosié inafungwa. Minye sikuambii ufanye nini. Unajua vile nilimuacha mama? Nilimuacha pale Kavimvira, nikamuambia ninaenda kununua chumvi. Miaka kumi na tisa. Bado sijarudi na ile chumvi."

Akalia. Kiwanja kizima kikamsikia akilia, na hakuna aliyecheka, hata Mama Ernestine ambaye hucheka kwenye mazishi.

Koko akainuka, akanipokonya simu.

"Geneviève. Chumvi nilisha nunua. Nitakuletea."

Kesho yake akanunua kweli, pakiti moja ya nusu kilo, akaifunga kwenye pindo la kitenge chake. Tangu siku hiyo alitembea nayo, kanisani, sokoni na chooni.

Nikajaribu kumweleza mambo yalivyo.

"Koko, ile karatasi inasema tulioana. Muke na mume. Ya kweli, ya serikali."

"Na shida iko wapi?"

"Koko!"

"Minye niliolewa mara moja, na tate yako, baba ya baba yako. Baba yangu njo alinichagulia. Muntu wa kukoroma, na hakuoshaka miguu yake wala yangu. Sasa hii ya pili serikali inanipa kijana, na weye unataka niikatae?"

"Na Claudette?"

Claudette ni mchumba wangu. Tulikuwa tumepanga kwenda kumwomba kwao Runingu Jumamosi ile ile iliyofuata.

"Claudette ni mukeba wangu," akasema koko. Mukeba ni mke mwenza. "Atakupata minye nikikufa. Sitakawia."

Kisha akaacha mzaha. Sikuwa nimezoea kumwona bila mzaha, na niliogopa.

"Bonaventure, nataka nione Geneviève na macho. Haina na simu. Picha ya simu inamukataka kichwa."

Nisijifanye mtakatifu. Nilimhurumia, ndiyo. Lakini nilijiona na mimi kwenye ndege, nimevaa koti, nimeliaga lile bati linalovuja. Theluthi moja ilikuwa huruma, na theluthi mbili nilizijua mwenyewe.

Nikaamua kumwambia Claudette ukweli wote. Nilitoka asubuhi, nikashuka Kalundu, bandarini. Nilimkuta anageuza ndagala juani, samaki wadogo waliojaa turubai nzima, mikono yake inang'aa magamba.

"Claudette, iko kitu nataka kukuambia."

"Iseme mbio, jua linapanda."

"Ni juu ya Jumamosi."

"Eh, Jumamosi! Papa alisha nunua suti. Unajua alisema nini? Alisema ng'ombe yako hataisumbukia sana. Kitu moja tu hataki: mwanaume wa kuficha bibi ingine."



"Juu ya nini aseme vile?"

"Si njo kazi yake! Kila siku wanakuja kuandikisha bibi wa pili na jina ya uongo. Anawafukuza. Anasema kashe yake haijapiga hata ndoa moja ya uongo."

Nilikuwa nimesahau. Jamani, mtu anawezaje kusahau kitu kama hicho? Papa Luc Ndayiragije, baba yake Claudette, ndiye mwandishi wa état civil wa upande wetu. Ndiye anayetoa cheti cha ndoa. Kashe ni muhuri: yake ya kwanza ilibebwa na mafuriko, na ya pili ameifunga kwa kamba kwenye mkanda wa suruali, anaenda nayo shambani na anaoga nayo.

"Sasa ulitaka kusema nini?" Claudette akaniuliza.

"Nilitaka kusema ndagala ya leo ni muzuri."

"Ni ya jana."

"Hata ya jana ni muzuri."

Akanitazama kidogo, akacheka, akanirushia samaki mmoja. Nampenda yule msichana. Niliandika mistari hii mara tatu nikitafuta namna ya kulisema hilo kwa mzaha, nikaikosa. Nampenda, basi, na nilirudi nyumbani bila kumwambia lolote.

Jumamosi ikafika. Nilijipa moyo: ofisi hazifanyi kazi Jumamosi. Sikujua kwamba wakalimani wa Mombasa wanafanya kazi ya ziada.

Tulifika Runingu saa nne asubuhi, watu kumi na wawili pamoja na koko, msemaji wetu mbele, mzee Jean-Berchmans, ambaye kwa maneno anaweza kumuuzia mtu kivuli chake mwenyewe. Tukakaribishwa uani. Katikati palikuwa na mtungi wa pombe ya mtama na mirija mirefu imesimama ndani. Papa Luc alikuwa kwenye kiti cha mbele na suti yake mpya. Kashe ilining'inia chini ya koti.

Sherehe ya kuomba msichana kwetu ni mchezo wa uongo mtamu. Kila mtu anajua tumefuata nini, na hakuna anayekubali kwamba anajua.

"Tulikuwa tunapita," akaanza mzee Jean-Berchmans. "Moto wetu ulizimika. Tukaona moshi kwenu."

"Moto tuko nayo," akajibu mzee wa upande wao. "Lakini moto ya hapa inaunguza. Munayo mikono ya kuibeba?"

"Kijana yetu ana mikono ngumu."

"Na kwake kule, hakuna moto ingine inawaka?"

Watu wakacheka. Mimi nikacheka kwa kuchelewa.

"Hakuna," akasema mzee Jean-Berchmans, kwa kiapo. "Jiko ni baridi kabisa."

Claudette akatolewa ndani. Alivaa mavazi ya kifundo begani, rangi ya manjano, na harufu ya ndagala ilikuwa imekwenda kabisa. Akakaa mkekani, hatua tatu kutoka kwangu. Papa Luc akainama, akaweka mrija mdomoni, akavuta pombe kwa raha ya mtu ambaye binti yake amepata jiko baridi.

Hapo simu ikalia.

Niliitoa ili niizime. Namba ilikuwa ndefu, inaanza na alama ya kujumlisha. Nikakumbuka: mkikosa kujibu, dosié inafungwa. Kidole kikajibu chenyewe.

"Halo, bwana Bonaventure?" Sauti iliyopigwa pasi ikajaa ua mzima. "Ni mimi, mkalimani. Tunahakikisha dosié yenu. Na nimejifunza Kiswahili chenu kidogo siku hizi! Je, bibi yako yuko hapo karibu? Nataka kuongea naye."

Ua wote ukashangilia. Kuna shangazi mmoja wa upande wao aliyepiga vigelegele. Watu wa ng'ambo wamekwisha jua! Wanampigia simu hata kabla ng'ombe haijapokelewa! Mzee Jean-Berchmans akajipiga kifua, ili waone kwamba hayo pia alikuwa ameyapanga.

Claudette akainamisha kichwa kwa haya, kama inavyotakiwa, kisha akanyoosha mkono aipokee simu.

Mkono mwingine ulikuwa umekwisha nyooka, mweusi, wenye mishipa. Koko.

Aliuona mkono wa Claudette. Akamtazama yule msichana uso mzima, na mavazi yake ya manjano. Kisha akaurudisha mkono wake taratibu, akaukalia.

"Mupe ule," akaniambia kwa sauti ya chini. "Mupe Claudette, bwana yangu. Minye nilishaka olewa."

Na mkono wake wa pili ulikuwa kwenye pindo la kitenge, unaishika ile pakiti ya chumvi.

Wasomaji, ningeweza kusema maneno matatu tu: haina bibi yangu. Niliyasema vizuri sana mara ya kwanza, wakati hayakutakiwa. Ningempa Claudette simu, mkalimani angesikia sauti ya msichana, uongo ungekufa palepale, nami ningeoa na kula ndagala maisha yangu yote. Lakini nilikuwa naitazama ile pakiti. Miaka kumi na tisa, na nusu kilo ya chumvi.

Nikampa koko simu.

Hiyo ndiyo dhambi yangu. Sikusukumwa na mtu, wala sikuwa nimelewa.

Koko aliishika kwa mikono miwili. Akanitazama, macho yamejaa maji.

"Allô," akasema. "Njo minye. Njo minye bibi yake."

Ua ukalipuka. Wazee walipigana mabega, akina mama wakalala chini kwa kicheko. Koko anamwonea wivu mukeba! Koko hataki kuachia bwana! Hata Papa Luc alicheka huku mrija uko mdomoni, pombe ikamtoka puani. Kila koko wa Ruzizi hufanya mzaha huo siku mjukuu anapooa. Asipoufanya watu husema anaumwa.

Claudette peke yake hakucheka. Mkono wake ulikuwa bado umenyooka hewani.

"Asante, mama," ikasema simu, kwa nguvu zote, wala hakuna aliyeweza kuizima. "Nimeandika. Sasa dosié inasubiri kitu kimoja tu. Tunaomba cheti cha ndoa yako na bwana Bonaventure Niyongabo, chenye muhuri, kabla ya Ijumaa. Tiketi zenu mbili ziko tayari. Hongereni sana."

Simu ikakatika.

Kicheko hakikuisha mara moja. Kilianza kuisha kwa wale wa mbele, kikarudi nyuma mpaka kwa watoto waliokaa kwenye ukuta, hadi mtu mmoja tu akabaki anacheka, mzee Jean-Berchmans, naye kwa sababu ni mgumu wa masikio.

Claudette akaurudisha mkono wake, akauweka mapajani juu ya ule mwingine. "Bonaventure," akasema. "Siku ile ya ndagala. Njo hii ulitaka kuniambia?"

Nikatikisa kichwa kukubali. 

Papa Luc aliutoa mrija mdomoni, akaufuta, akauegemeza kwenye mtungi kwa adabu. Akafungua koti jipya. Akavuta ile kamba polepole, pindo moja baada ya jingine, mpaka kashe ikatoka, akaiweka mezani mbele yangu.

Wala hakukasirika, ndilo lililonitisha. Alimtazama koko na pindo lake la chumvi, akamtazama binti yake, akanitazama mimi.

"Mwana yangu," akasema, "minye niko na kashe moja tu. Nikuandike na bibi gani?"